Wiki tano za kazi, kisha?

Mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Nakuru alimwajiri kijana wa kuhudumia wateja na kuhesabu stoki. Wiki ya tano akamfuta. Si wizi, kijana alikuwa mzito wa kujifunza na hesabu hazikukaa sawa. Kilichomtia mwajiri wasiwasi ni maneno ya shemeji yake aliyeko Marekani, kwamba huko ukimfuta mtu anakwenda kudai malipo ya kukosa kazi, na mzigo unakurudia wewe. "Na hapa je?" akaniuliza.

Hapa hakuna malipo hayo. Kenya haina mfuko wa kumshika mkono aliyefutwa, na NSSF, mfuko wa pensheni wanaouchangia mfanyakazi na mwajiri asilimia 6 ya mshahara kila mmoja, humngoja mtu astaafu.

Shemeji naye alisema nusu tu ya habari. Marekani huangalia mishahara ya mwombaji katika robo nne za mwanzo kati ya robo tano za mwaka zilizokwisha kamilika, kila robo ikiwa miezi mitatu. Wiki tano za juzi aghalabu hazimo, kwa hiyo gharama huwaangukia zaidi waajiri wake wa zamani. Tanzania, jirani zetu, NSSF yao hulipa fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, ila kwa aliyechangia angalau miezi 18. Kijana wetu, kama hii ndiyo kazi yake ya kwanza, angerudi mikono mitupu kote huko.

Lakini mbadilishe mtu. Tuseme aliyefutwa ni mama aliyekata maua Naivasha miaka kumi, akaacha kwa hiari kuja dukani. Kwa mfuko kama wa Tanzania, michango yake ya miaka kumi ingehesabiwa. Kwa sheria yetu yeye na kijana ni sawasawa: wiki tano, basi. Hapo ndipo ninapoona kasoro, kwa sababu mkate wote wa mama huyo unategemea mwajiri wa mwisho, ambaye huenda mwenyewe anahangaika na kodi ya duka.

Ndiyo maana ugomvi wa notisi huwa mkali. Mwajiri huyu aliamini kijana yuko kwenye majaribio, hivyo notisi ya siku 7 inatosha. Walikuwa wameelewana kwa simu, mshahara wa mwezi! Sheria ya Ajira ya 2007 haitambui majaribio ya mdomo, lazima yaandikwe. Bila maandishi, notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Hata maandishi yangekuwapo, mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi waliamua kwamba aliye kwenye majaribio naye ana haki ya kuelezwa sababu na kusikizwa kabla ya kufutwa.

Waajiri wadogo wana hoja, na sipendi zinavyopuuzwa. Mshahara tayari unakatwa NSSF, bima ya afya asilimia 2.75, tozo ya nyumba asilimia 1.5, bado kodi ya mapato. Ukiongeza kato jingine, wengine watageukia vibarua wa kutwa na kuwabadilisha kabla mwezi haujaisha, wasije wakahesabiwa wafanyakazi wa mshahara wa mwezi. Tena zaidi ya asilimia 80 ya kazi za Kenya ni za jua kali, nje ya makato yote. Mfuko huo ungekuwa wa wachache wenye hati ya mshahara. Na nani ataulinda usiliwe?

Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi. Hata hivyo naegemea upande wa mfuko, mradi uhesabu michango ya mtu na usimtoze aliyemfuta jana. Mwajiri angeweza kukiri kwamba alikosea kumchagua mtu bila kuhisi anamtupa njaani, naye mfanyakazi asingelazimika kushtaki ili ale.

Nilimwambia mwenye duka alipe siku 28, na aandike cheti cha utumishi, kwa kuwa wiki nne zimepita na sheria inamdai. Alilipa wiki moja. Cheti, alisema, ataandika Jumatatu.