Tunavyowaharibu mashahidi wa mtu aliyepotea

Kila anapopotea mtu hapa Moshi, na habari zikatoka kwenye simu za ndugu zikafika kwenye simu za watu wasiomfahamu kabisa, hutokea mambo mawili kwa pamoja: watu huanza kumtafuta, na watu huanza kueleza kilichompata. La kwanza tunalifanya kwa moyo, na ninaishukuru jamii yetu kwa hilo. La pili huonekana halina madhara, kwa kuwa ni maneno tu, tena aghalabu ni maneno ya wenye huruma. Ninachotaka kusema ni kwamba maneno hayo hayaishii kuwaumiza ndugu. Yanaharibu ushahidi wenyewe, na naamini ni sehemu ya sababu za baadhi ya mambo haya kubaki bila jibu miaka nenda miaka rudi.

Katika mtaa ninaoishi, kule Pasua, kuna kijana fundi wa madirisha ya alumini ambaye hajaonekana tangu jioni moja ya mwaka juzi, alipotoka karakana akiaga kwamba anakwenda Himo kuchukua vipimo vya nyumba ya mteja. Simu yake ilizimika usiku huohuo. Mama yake na baba yake mdogo walikwenda kituoni, wakaandikisha taarifa na kupewa RB, yaani namba ya taarifa yao polisi, kisha wakazunguka hospitali wodi kwa wodi hadi kwenye vyumba vya kuhifadhia maiti. Binamu zake walitengeneza tangazo lenye picha iliyokatwa kutoka kwenye picha ya harusi, akiwa amevaa shati la kitenge la sare ya familia, na mkono wa mtu mwingine ukiwa bado umewekwa begani mwake.

Kesho yake mama huyo alipita barabara ya kwenda Himo akionyesha picha kwa kila aliyekuwa tayari kusimama, na huko Kiborloni akampata mwanamke anayechoma mahindi kandokando ya barabara. "Nilimwona, mama," yule mwanamke alimwambia. "Alinunua hindi moja, akaniomba nizidishe limau, halafu akapanda Noah ya Himo. Nilikuwa nimeshawasha taa." Maelezo hayo ni mafupi, lakini yana kila kitu anachohitaji mpelelezi kuanzia kazi. Taa inaonyesha kwamba giza lilikuwa limeanza kuingia. Noah ya Himo inaonyesha njia, na kwa kuwa magari hayo hupanga foleni stendi, dereva na konda wake wanaweza kutafutwa. Limau la ziada, ambalo mama alilitambua mara moja kuwa tabia ya mwanawe, linathibitisha kwamba mtu hakufananishwa.

Mpelelezi alipofika kwa mwanamke huyo wiki kadhaa baadaye, maelezo yalikuwa mengine. Sasa kijana alikuwa na wanaume wawili, mmoja amevaa kofia, na yeye mwenyewe alionekana mwenye hofu. Katika wiki hizo mji mzima ulikuwa umeshaamua kwamba kijana alitekwa kwa sababu ya deni la mkopo, na wateja waliokaa kwenye benchi lake kila jioni walikuwa wakizungumza juu ya jambo hilohilo wakisubiri mahindi yaive. Sidhani kwamba mwanamke yule alidanganya. Nilizungumza naye, na ni wazi kwamba anawaona kabisa wale wanaume wawili anapofumba macho. Tatizo ni kwamba hakuna tena njia ya kujua kama aliwaona barabarani au aliwasikia benchini, na wakili yeyote atakayesimama mahakamani siku moja atayapangua maelezo yake kwa maswali mawili tu.

Jambo hili limechunguzwa kitaalamu. Mwaka 1974 wanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari, kisha wakawauliza kuhusu mwendo wa magari hayo. Kundi moja liliulizwa kwa neno la kawaida, kwamba magari yalikuwa na kasi gani yalipogongana. Kundi jingine liliulizwa yalikuwa na kasi gani yalipobamizana kwa kishindo. Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo kilichovunjika hata kimoja, lakini wanafunzi 16 kati ya 50 walioulizwa kwa neno kali walisema waliviona, ilhali katika kundi la neno la kawaida walikuwa 7 kati ya 50. Hao ni vijana waliokaa darasani kwa utulivu, wasio na uchungu wowote na waliohusika. Neno moja ndani ya swali moja lilitosha kuwawekea vioo machoni. Muuza mahindi wa Kiborloni yeye alipewa hadithi nzima, kila jioni, kwa wiki kadhaa.

Wengi husema kwamba wanapokisia wanasaidia kwa sababu wanaifanya habari isisahaulike. Nimelitafakari dai hilo kwa uzito, maana ni kweli kwamba kusahauliwa ni kifo cha pili kwa aliyepotea. Hata hivyo, mifano iliyoandikwa inaelekea upande mwingine. Mwezi Machi 2013 alipotea mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, na familia yake ikafungua ukurasa mtandaoni wa kumtafuta. Mwezi uliofuata mabomu yalilipuka kwenye mbio za Marathoni za Boston, na watu wasiomjua wakalinganisha picha yake na picha za watuhumiwa, wakatangaza kwamba ndiye. Matusi yalimiminika hadi familia ikalazimika kuufunga kwa muda ukurasa uleule iliokuwa ikiutegemea kumpata. Tarehe 23 Aprili mwili wake ulikutwa majini katika mji wa Providence. Kijana hakuhusika kwa namna yoyote na mabomu yale.

Miaka kumi baadaye, tarehe 27 Januari 2023, mama wa watoto wawili alitoweka alipokuwa akitembeza mbwa wake kando ya Mto Wyre, Lancashire, nchini Uingereza. Simu yake ilikutwa juu ya benchi ikiwa bado imeunganishwa kwenye kikao cha kazi. Polisi walisema mapema kwamba wanaamini aliingia mtoni, lakini maelfu ya watu hawakuridhika, na baadhi yao walisafiri hadi kijiji hicho na kamera zao, wakichungulia nyumba za wenyeji, mpaka polisi wakatumia amri za kuwatawanya. Kwa shinikizo la uvumi huo polisi wenyewe walitoa hadharani taarifa za afya ya mama huyo, kitendo ambacho baadaye kililaumiwa katika tathmini rasmi. Mwili wake ulikutwa mtoni tarehe 19 Februari, na mwezi Juni ofisa wa uchunguzi wa vifo aliamua kwamba alizama kwa ajali. Kwa wiki tatu mwenzi wake na marafiki zake walikuwa wameshtakiwa na kuhukumiwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuuona mto ule.

Ninakubali kwamba umma umewahi kusaidia, na kusaidia sana. Mwaka 2021, alipopotea msichana aliyekuwa akisafiri kwa gari katika jimbo la Wyoming, wanandoa wasiomfahamu walirudia kuangalia video za safari yao wenyewe, wakaliona gari lake jeupe limeegeshwa kando ya njia, wakawapelekea wapelelezi. Mwaka 1998 mfanyakazi mmoja wa kiwanda huko Tennessee alilinganisha maelezo ya mwanamke asiyetambuliwa, aliyekutwa amekufa Kentucky mwaka 1968, na tangazo la ndugu waliokuwa wakimtafuta dada yao, na jina likapatikana baada ya miaka 30. Hawa wote walikuwa na kitu mkononi: picha, tarehe, maelezo ya mwili. Hawakumweleza mtu kilichotokea. Walipeleka walichokuwa nacho kwa wenye kazi hiyo.

Hapa kwetu tunalo jambo la mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyetoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. Mwaka 2019 waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Palamagamba Kabudi, alisema katika mahojiano na BBC kwamba mwandishi huyo alitoweka na kufa, kisha akaeleza kwamba maneno yake yalichukuliwa nje ya muktadha. Yamesemwa mengi tangu hapo. Kilichobaki na uzito ni machache aliyoyaeleza mke wake: kwamba mumewe alifika shambani katika gari jeupe, akiwa na watu asiowafahamu, akaulizia funguo za nyumba. Maelezo hayo bado yanaweza kuulizwa maswali na kupata majibu.

Sisi wa Kilimanjaro tunamzika mtu kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kwa baba zake, na ndugu hutoka Dar es Salaam na Mwanza usiku kucha ili wamwage udongo. Familia ya aliyepotea haina matanga wala kaburi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inairuhusu mahakama kudhani kwamba mtu amekufa ikiwa wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake hawajazisikia kwa miaka mitano, na kabla ya hapo mke si mjane na wala si mke mwenye mume. Ndani ya muda huo kila nadharia mpya inayofika nyumbani humlazimu mama kuanza upya: leo mwanawe ameuzwa ng'ambo ya Taveta, kesho ameonekana Arusha, mtaa wa Unga Limited, akiwa amechanganyikiwa. Mama wa Pasua amekwenda Arusha kwa maneno kama hayo zaidi ya mara moja, kwa nauli ya kukopa kwenye kikoba. Matapeli nao wamempigia kupitia namba zilizo kwenye tangazo, wakidai fedha za kumrudisha kijana. Aliyemwokoa ni mjumbe wa mtaa wetu, aliyemshauri tangu mwanzo asiliandike kwenye tangazo kovu alilonalo mwanawe. Anapopigiwa huuliza kovu liko wapi, na simu hukatwa.

Kwa hiyo ninaomba mambo ya kawaida kabisa. Aliyemwona mtu aliyepotea aandike alichokiona kabla hajakisimulia kwa yeyote, hata kama ni nyuma ya risiti, na asiache vitu vidogo vinavyoonyesha saa, kama adhana ya magharibi, taa, au basi la mwisho. Ndugu wasingoje kesho. Polisi wa Uingereza huwaambia wananchi wao waziwazi kwamba hakuna haja ya kusubiri saa 24, na sioni kwa nini mzazi wa Moshi asubiri. Kamera za vituo vya mafuta na nyumba za wageni hufuta picha za zamani na kurekodi mpya diski inapojaa, hivyo mwenye kamera aombwe siku ileile atunze picha za jioni husika, maana baada ya mwezi huenda hakuna cha kutunza. Wapelelezi nao, ambao najua wana majalada mengi na magari machache, wachukue maelezo ya wauza mahindi, makonda na walinzi katika siku mbili za kwanza, mmoja mmoja, faragha, kwa maswali yasiyobeba jibu ndani yake, na waandike kwenye jalada shahidi ameshasikia nini kutoka kwa watu kabla hajaanza kuzungumza.