Kichocho na Mzio: Je, Tunapoteza Kitu Tunapowaua Minyoo?

Mnyoo wa kichocho anaishi ndani ya mshipa wa damu, katikati kabisa ya njia wanazopita askari wa kinga ya mwili, na bado hudumu humo miaka mitano, kumi, mara nyingine hata zaidi ya thelathini. Hujivika molekuli za mwenyeji wake, zikiwemo za kundi lake la damu, hivyo kinga humpita kama mwenyeji. Tena huufanya mwili utoe kemikali za kuipoza kinga, kama interlukini-10.

Utulivu huo ndio umezua mjadala. Kinga iliyopozwa huenda pia isilipuke kwa vumbi wala chavua, na wapo wanaohofia kwamba tukiwamaliza minyoo tutafungulia mlango pumu na mzio. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Kule Entebbe, Uganda, utafiti ulioanza 2003 uliwaandikisha wajawazito 2,507. Watoto wa waliomeza albendazoli, dawa ya minyoo wa tumbo, walipata ukurutu zaidi kuliko wa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Lakini watoto haohao walipopimwa wakiwa na miaka tisa, tofauti hiyo haikuonekana tena.

Kwenye visiwa vya Koome, katika Ziwa Victoria nchini Uganda, vijiji 26 vya wavuvi viligawanywa: vingine vilipata dawa za minyoo kwa wingi, kila miezi mitatu, vingine kwa ratiba ya kawaida. Baada ya miaka mitatu, mzio na kifua kubana havikutofautiana. Mtu anaweza kujibu kwamba hata kwenye dozi kubwa minyoo hawakuisha, na ni kweli, hoja hiyo ina uzito.

Hata hivyo mimi siwezi kuuita utulivu huo zawadi. Mayai ya mnyoo hukwama kwenye ini, ini hugeuka makovu, tumbo hujaa maji, na mvuvi wa Ziwa Albert aliye bado kijana hutapika damu. Ukurutu wa mtoto unatibika. Ini la namna hiyo ni vigumu mno kulirudisha.

Na kuna jambo ambalo mjadala huu hulisahau. Prazikwanteli, dawa inayotibu kichocho, hupasua ngozi ya mnyoo, na yale aliyoyaficha kwa miaka yanaanikwa mbele ya kinga. Kwa wavuvi wa Piida, kijiji kilicho kando ya Ziwa Albert, kingamwili za aina ya IgE dhidi ya mnyoo huyu zilipanda baada ya tiba, na waliokuwa nazo kwa wingi hawakuambukizwa tena kwa urahisi walipoingia ziwani.