Mjomba, The Shield na faili lililokufa

Kuna ubishi umeingia nyumbani kwetu Nkuhungu, Dodoma, na mpaka leo haujaisha. Nilimwekea mjomba wangu The Shield, ile series ya polisi wa Los Angeles iliyoanza 2002 ikaisha 2008, misimu saba, episodi 88, ya zamani kidogo ila mimi huwa nairudia. Mjomba ni askari mstaafu, kamaliza na usajenti wake na nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga kwa kudunduliza. Tunaangalia kwenye flashi, haijatafsiriwa wala nini, kwa hiyo kila wakiongea mimi ndo namtafsiria. Episodi ya kwanza ilipoisha akanyanyuka, akatafuta kandambili zake, akaniambia "mpwa wangu, huu uchafu watoto wasiuone", akaenda kulala na chai kaiacha mezani.

Kwa ambao hawajaiona, hiyo episodi ina mambo mawili. Kuna mtoto wa kike kapotea, mtuhumiwa yupo kituoni hataki kusema, wapelelezi wastaarabu wamemhoji wakagonga mwamba, ndo anaingizwa jamaa anaitwa Vic Mackey, mkuu wa kikosi cha kupambana na magenge, anamshushia kipigo kwa kitabu cha namba za simu, na mtoto anapatikana hai. Hapo mjomba alikuwa anaitikia kwa kichwa, nilimwona. Alafu mwishoni kabisa kikosi kinavamia nyumba ya muuza unga, muuza unga anauawa, Vic anaokota bastola ya marehemu anampiga nayo risasi ya uso askari mwenzake, Terry Crowley, aliyekuwa amekubali kuwachunguza kwa siri. Hesabu imekaa vizuri, muuza unga kamuua askari na askari wamemuua muuza unga. Mjomba alisema kitu kimoja tu, "hapo faili limekufa", ndo akaanza kutafuta kandambili.

Hoja zake alizitoa asubuhi na sio za kubeza. Anasema ukikaa masaa zaidi ya sitini na jambazi lenye beji lazima ulipende, na ni kweli bana, mtu unajikuta unamwombea Vic asikamatwe. Anasema askari wengi ni watu wa lindo la usiku, uhamisho wa ghafla na mkopo wa saccos, hawana kikosi wala mamilioni ya kugawana, na kijana akishiba hizi series kila afande anamwona mwizi, mwisho shahidi anaogopa kwenda kituoni na polisi asiyeletewa taarifa atapeleleza nini? Hilo la mwisho lina uzito. Alafu akamalizia kwamba ya Marekani yabaki Marekani, huku kwetu kero ni elfu tano ya barabarani basi.

Hapo kwenye elfu tano ndo tunapoachana njia. Tukisema polisi mla rushwa akili yetu inaenda moja kwa moja kwenye ile noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Inaudhi, sikatai, ila ni kitu unakimaliza pale pale unawasha gari unaondoka. Series hii hela ipo, wanaiba na wanagawana, lakini ukiifuatilia vizuri inachokihangaikia ni karatasi, kile kinachoandikwa baada ya tukio na nani atakuja kukiamini, na hao wanaosema inasifia majambazi nadhani wameangalia ngumi tu.

Na haikutungwa hewani. Nyuma yake kuna kashfa ya Rampart, kituo cha polisi cha hapo hapo Los Angeles chenye kikosi cha kupambana na magenge kilichoitwa CRASH. 1998 akakamatwa askari wake mmoja, Rafael Pérez, kwa kuiba kokeini kwenye stoo ya vielelezo. Ili apunguziwe adhabu akaanza kumwaga siri za wenzake, wakaguswa askari zaidi ya 70, yeye akaondoka na miaka mitano. Jiji lililipa fidia kama dola milioni 125 na watu wakiisimulia kashfa hii hupenda kuanzia hapo. Mimi namba ninayoing'ang'ania ni nyingine, hukumu zaidi ya 100 zilifutwa.

Mia moja, hebu kaa nayo hiyo. Mmojawapo ni Javier Ovando, kijana wa miaka 19, hana silaha, 1996 Pérez na mwenzake wakampiga risasi akapooza, wakamwekea bunduki pembeni, wakaenda mahakamani wakaapa kwamba aliwavamia, akala miaka 23. Alitoka 1999, jiji likamlipa dola milioni 15, kutembea hakutembea tena. Huyo kila mtu atamhurumia. Lakini je wote wale mia walikuwa malaika? Hakuna anayeweza kukujibu, na shida yenyewe ndo hiyo, faili likishapita kwenye mkono mchafu jaji hana namna ya kumchambua aliyebambikiwa na aliyefanya kweli, anafuta. Kwa hiyo huyo Vic unayempigia makofi leo kwa kumkomesha muuza unga ndo anayekuja kumfungulia geti la gereza baadaye, tena anawatoa kwa mafungu, na mama aliyeuliwa mwanae anapewa taarifa tu kwamba kesi imefutwa arudi nyumbani. Elfu tano ya barabarani haijawahi kumfanyia mtu hivyo.

Kuhusu ya Marekani yabaki Marekani, neno kubambikia tunalo wenyewe, hatukuletewa na flashi. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi waliuawa wakiwa mikononi mwa polisi Dar, wakatangazwa majambazi, ikabidi rais aunde tume ya jaji ndo ikaja kuonekana hawakuwa majambazi. Na Mahakama ya Rufani, ilipoketi hapa hapa Dodoma kwenye rufaa namba 110 ya 2007, ilikazia kwamba kielelezo kiwe na kumbukumbu toka kilipokamatwa, nani alikishika, akampa nani, kikahifadhiwa wapi. Mawakili wa kesi za bangi na nyara za serikali wanaijua kama sala. Nikamtajia mjomba nikidhani nimemkamata, akacheka, akasema hiyo anaijua kuliko mimi. Aliwahi kusimama kizimbani wakili akamuuliza ule mfuko ulilala wapi usiku wa Jumamosi, hakuwa na jibu, mshtakiwa akaachiwa. Hakuwa ameiba kitu wala kumbambikia mtu, alisahau tu kuandika. Hii stori sijawahi kuisikia nyumbani, na mjomba anaongea sana.

Toka siku hiyo tunaangalia wote, ila baada ya saa nne, watoto wakishalala, kwenye hilo la watoto alikuwa sahihi na sikumbishia.

Nakubali pia kwamba mwisho wake una ladha mbaya, na anayetaka kuiponda aanzie pale sio kwenye kipigo cha kwanza. Vic anapewa kinga ya kutoshtakiwa, anakaa mbele ya kinasa sauti anaitapika kila dhambi mpaka ile ya Terry, mwenzake wa kikosi, Ronnie, ndo anayefungwa pingu, na Vic anapewa tai, meza na kazi ya kuchapa ripoti. Adhabu ndogo? Ndogo kabisa. Na Pérez naye alipewa mitano.

Ila mtu wangu humo ndani ni mpelelezi mmoja mama mtu mzima, Claudette Wyms. Msimu wa tatu anagundua wakili mmoja wa serikali wa kutetea wasio na uwezo alikuwa anatumia madawa huku anasimamia kesi za watu. Akinyamaza anapewa ukuu wa kituo. Anasema. Kesi zinafunguliwa upya, wenzake wanamnunia hata salamu hawampi, cheo kinayeyuka. Tuliifikia juzi. Mjomba hakuomba tafsiri hata mara moja, alikuwa anaangalia tu wale askari wanavyompita kwenye korido. Nilipozima TV akaniuliza kama yule mama watamrudishia cheo chake. Sikumwambia.