Mkalimani Nyuma ya Nguzo

Kanisani kwetu hapa Kampala ibada ya Kiswahili huanza saa nane mchana, wenzetu wa Kiingereza na Kiluganda wakishaondoka. Wengi wetu ni Wakongo, tukichanganyika na wafanyabiashara wa Busia na askari wastaafu wawili watatu. Mwaka jana tulichangishwa tukanunua taa za rangi na spika ndefu kunishinda. Huo ndio ubunifu, tukaambiwa, utavuta vijana.

Sasa, vijana wanne walishavutika zamani. Ni viziwi. Mkalimani wao wa lugha ya alama amewekwa nyuma ya nguzo, eti akisimama mbele anaharibu picha ya kamera. Wanaona mkono mmoja, mwingine umemezwa na saruji. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imetaja kukuzwa kwa lugha ya alama. Sisi wa "njoni kwangu ninyi nyote" bado tunabishana kuhusu kamera.

Jumapili moja umeme ukakatika katikati ya sifa. Kinanda kikanyamaza. Baba mmoja wa Bukavu akaiburuta ngoma kubwa hadi katikati ya viti, akaanza kupiga. Binti mmoja wa wale wanne akainuka, akabandika viganja ubavuni mwa ngoma, akafumba macho. Kisha mabega yakaanza kucheza. Hakukosa pigo hata moja. Kwa kuwa kamera ilikuwa imezimika, mkalimani naye akaja mbele, na nusu ya kanisa tukaanza kuiga mikono yake, vibaya sana.

Wala hatukuwa tumevumbua kitu. Misa ya Kongo, watu wakiingia kwa kucheza, ilikubaliwa na Roma mwaka 1988. Hapa Uganda, Joseph Kyagambiddwa alikwishawatungia Mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, muziki mzito wenye mdundo wa Kiganda, ukaimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Na hii ngoma, ambayo wamisionari wengi waliifungia nje wakiiita ya kipagani, hatukuichangia hata shilingi.

Jumapili iliyofuata niliwahi. Taa zinawaka, mkalimani yuko nyuma ya nguzo yake. Nikamwendea yule mzee.

"Baba, leo hatuiburuti?"

"Mama," akasema huku akiifunika ngoma kitenge, "tuombe umeme ukatike."