Danube kwa baiskeli: huo mteremko mnaousifia uko wapi?

Mtu akisema tu kwamba anataka kuufuata mto Danube kwa baiskeli, peke yake, hakosi wa kumwambia: "Usijali, unafuata maji, ni mteremko mtupu." Tupige hesabu kidogo. Mto unaanzia Donaueschingen, kusini mwa Ujerumani, vijito vya Breg na Brigach vinapokutana, kwenye kimo cha takriban mita 675. Ukifika Passau, mpakani na Austria, umeshashuka hadi chini kidogo ya mita 300, na mbele yako zimebaki zaidi ya kilomita 2,200 za mto mpaka Bahari Nyeusi. Gawanya mwenyewe: ni sentimita 13 hivi kwa kila kilomita. Sebule iliyosakafiwa na fundi mzembe ina mteremko mkali kuliko huo.

Kwa hiyo usijiandae kwa mteremko. Yanayoamua kama utafika au utarudi kwa treni huku umenuna ni mambo matatu: upepo, uzito unaolibebesha gurudumu la nyuma, na ukingo wa mto uliouchagua. Waendao wawili hupokezana kukinga upepo na hugawana vifaa. Wewe uliye peke yako, yote ni yako.

Tuanze na upepo. Sehemu ya juu, Ujerumani na Austria, upepo unaotawala ni wa magharibi, na anayeshuka na mto anaupata mgongoni. Mabaharia wa pwani wangeuita upepo wa tezi. Ndiyo sababu ya maana ya kuelekea mashariki, kuliko huo mteremko. Utaiona faida yake ukishatoka Vienna kwenda Bratislava: kilomita 65 hadi 70, sehemu kubwa juu ya tuta la kuzuia mafuriko lililonyooka kama rula, bila kivuli na bila kona. Ukiwa na upepo nyuma unaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Ukija kinyume, ni adhabu.

Wengi husahau kwamba habari hubadilika Serbia. Huko kuna upepo uitwao košava, unaovuma kutoka kusini-mashariki, hasa kuanzia vuli hadi mwanzo wa masika ya Ulaya, na hupata nguvu unapobanwa kwenye bonde la Đerdap, korongo la Danube kati ya Serbia na Romania. Anayeshuka na mto anakutana nao uso kwa uso, upepo wa omo hasa, na unaweza kudumu siku kadhaa mfululizo. Aliyepanga kufika Golubac, mlangoni mwa bonde hilo, mwishoni mwa Oktoba ajipe siku tatu za akiba, au aanze safari yote mapema zaidi. Kwa maoni yangu mwanzo mzuri ni mwisho wa Mei au mwanzo wa Septemba. Julai na Agosti jua la uwanda wa Romania ni kali, na hakuna mti wa kujificha.

Sasa gurudumu la nyuma, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo safari nyingi zinapovunjikia. Mtu ananunua baiskeli nzuri nyepesi yenye spoku 24 au 28, anafunga keria, anaweka mifuko miwili ya kilo tisa kila mmoja, hema juu yake, kisha na yeye anakaa. Uzito karibu wote uko nyuma. Kila gurudumu linapozunguka, spoku zinazopita chini hulegea kidogo halafu hukaza tena, mara mia kadhaa kwa kila kilomita. Chuma hakikatiki kwa siku moja. Kinachoka, na kinachokia pale spoku inapopinda kuingia kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Siku ya sita au ya kumi, kwenye mawe ya mji fulani wa kale, unasikia "ting!" na gurudumu linaanza kuyumba.

Kinga yake haina siri. Chukua gurudumu la spoku 36 nyuma, na kabla ya safari mpe fundi azikaze zote sawasawa. Tairi liwe na upana wa milimita 37 hadi 42, upepo bar 4 hivi nyuma na pungufu kidogo mbele. Mzigo mzima usizidi kilo 18, na kilo 5 au 6 zilizo nzito zaidi (vifaa, jiko, chakula) zihamie mbele, chini, pembeni mwa gurudumu. Baiskeli itakuwa nzito kukata kona, lakini mkia hautacheza.

Ikikatika hata hivyo, mara nyingi itakuwa ya kulia, upande wa cheni. Spoku za upande huo hukazwa zaidi ili rimu ikae katikati. Ubaya ni kwamba huwezi kuingiza mpya bila kuitoa friwili (kaseti ya gia za nyuma), nayo haitoki bila ufunguo wake wenye meno na mjeledi wa cheni wa kuizuia isizunguke. Karibu hakuna anayebeba vitu hivyo, na fundi aliye karibu anaweza kuwa kilomita 40 mbele. Basi fanya hivi. Ile iliyokatika izungushie jirani yake isije ikaingia kwenye gia. Zile mbili zilizo pande zake, ambazo zinaelekea upande wa kushoto wa habu, zilegeze nusu mzunguko kila moja, maana ndizo zinazoivuta rimu sasa. Fungua breki ya nyuma ikiwa rimu inaigusa. Hamisha mfuko mmoja mbele. Gurudumu la spoku 36 litakufikisha mjini. La 24 huenda likagoma kuzunguka kabisa, likiwa limeegemea fremu, na hapo unasukuma.

Beba spoku tatu za kila urefu unaotumika kwenye magurudumu yako (kulia nyuma, kushoto nyuma, mbele, urefu hautofautiani sana lakini unatofautiana), zifunge kwa utepe wa gundi kwenye fremu, pamoja na ufunguo mdogo wa kukazia nati zake. Ongeza tyubu mbili, viraka, solusheni, kiungo cha haraka cha cheni na pedi za breki. Vingine utavipata Passau, Linz, Vienna, Budapest na Belgrade. Baada ya Belgrade maduka ya baiskeli yanapungua sana, kwa hiyo hapo ndipo pa kubadilisha cheni hata kama bado inaonekana nzima.

Jambo la tatu ni ukingo. Kulia na kushoto huhesabiwa ukielekea mto unakoelekea. Ramani huonyesha njia pande zote mbili, na mgeni hudhani haina tofauti. Inayo. Baada ya Passau mto unajikunja karibu kurudi ulikotoka, mahali paitwapo Schlögener Schlinge. Ukingo wa kushoto njia inakatikia hapo kwa sababu mlima umeingia majini, na lazima upande kivuko cha abiria na baiskeli. Vivuko hivyo ni vya msimu, kwa kawaida Aprili hadi Oktoba, na jioni vinafunga mapema. Ukichelewa unalala hapo au unarudi nyuma. Juu zaidi, Ujerumani, kati ya Weltenburg na Kelheim, korongo ni jembamba kiasi kwamba hakuna njia kabisa kando ya maji: ama boti, ama unapanda kilima msituni. Panda boti, usijitese bure.

Na usipite bonde la Wachau huko Austria, kati ya Melk na Krems, bila kuvuka kwa kivuko cha Spitz. Hakina injini ya kukiendesha. Kimefungwa kwenye waya uliotandwa juu ya mto, na nahodha anakigeuza kidogo kikae mshazari ili mkondo ukisukume kwenda ng'ambo. Kikitakiwa kurudi, kinageuzwa upande wa pili. Aliyezoea pantoni la Kigamboni na ngurumo zake atashangaa kusikia maji tu. Maji yakijaa sana vivuko husimama vyote, na njia ya baiskeli, ambayo ndiyo iko chini kuliko barabara zote, huzama kwanza. Juni 2013 maji yalifika mita 12.89 Passau, na Septemba 2024 jimbo la Austria ya Chini lilifurika vibaya. Mvua ikinyesha siku tatu milimani, soma kipimo cha maji kabla ya kutoka kitandani.

Mengine yanaenda haraka. Jumapili maduka ya chakula Ujerumani na Austria yamefungwa, basi nunua Jumamosi. Maji utayapata makaburini, karibu kila kijiji kina bomba la kumwagilia maua, ila ukiona maandishi "Kein Trinkwasser" si ya kunywa. Majani marefu kando ya njia yana kupe wanaoeneza virusi vya homa ya ubongo. Chanjo ipo lakini dozi zake zinahitaji muda, hivyo anza miezi kadhaa kabla.

Kwa msomaji mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda kuna mtego ambao vitabu vya Wazungu haviutaji. Kroatia iliingia Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, mwaka 2023, na Romania na Bulgaria zikakamilisha mipaka yao ya nchi kavu Januari 2025. Serbia haimo. Maana yake ukivuka kutoka Hungaria au Kroatia kuingia Serbia umetoka Schengen, na kuingia Romania ni kuingia upya. Viza ya kuingia mara moja inaishia hapo. Omba ya kuingia mara nyingi, na uhesabu zile siku 90 ndani ya 180. Ukinyimwa, kunja kushoto kusini mwa Hungaria, ingia Romania moja kwa moja, na uukute mto tena Moldova Veche. Unapoteza Novi Sad na Belgrade, lakini hupotezi Đerdap, kwa kuwa upande wa Romania nao una barabara.

Mwenye viza nzuri apite upande wa Serbia. Lami ni bora na mandhari yako wazi, ila kuna vilima vya kweli na mahandaki, mengine bila taa. Mlangoni vua miwani ya jua, washa taa nyekundu ya nyuma, simama, sikiliza. Lori likisikika, liache lipite kwanza. Hakuna mwenzako nyuma wa kukupigia kelele.

Bondeni Romania kero ni mbwa. Anayekukimbiza hufuata mwendo wako zaidi kuliko wewe. Ukishuka na kuweka baiskeli kati yenu wengi hutulia, na kuinama kama unaokota jiwe humaliza maneno kwa waliobaki. Wa wachungaji ni tofauti: usipite kati yake na kondoo. Ukiumwa, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Pangilia kilomita 70 kwa siku, si 100, na ukae nazo hata siku unazojiona simba. Vibao vya kilomita kando ya mto vinahesabu kinyume, kutoka baharini: Passau karibu 2,226, Vienna 1,929, Budapest 1,647, Belgrade 1,170. Njia rasmi ya baiskeli, EuroVelo 6, huuacha mto mwishoni na kukupeleka Constanța, bandari nzuri, lakini Danube haimwagikii huko, ni mfereji wa mwaka 1984 tu unaofika jirani yake. Sifuri iko Sulina, mto unapoingia baharini, na hakuna barabara inayofika. Nenda Tulcea, kata tiketi ya boti mapema kwa sababu nafasi ya baiskeli ni chache, vua mifuko yote kabla ya foleni kuanza kusogea, na ifunge baiskeli kwa kamba pembeni palipo na hewa, mbali na bomba la moshi.