Kutoka sebule ya Ealing hadi Mtaa wa Samora

Sisi tunaoishi Uingereza tuna kauli tunayoirudia kila mazungumzo yakifika kwenye vitabu: huku wachapishaji wadogo wanaishi kwa sababu nchi ina hela na watu wanasoma, nyumbani wanakufa kwa sababu Watanzania hawasomi. Mimi naipinga, tena kwa mfano wa hapahapa London. Tazameni historia ya Bogle-L'Ouverture, kampuni iliyoanzia sebuleni huko Ealing, na ambayo kitabu chake kilichofika mbali kuliko vyote kilitoka kwa ubia na Dar es Salaam.

Tarehe 15 Oktoba 1968, Walter Rodney, Mguyana aliyekuwa akifundisha historia chuo kikuu mjini Kingston, alirudi Jamaika kutoka mkutanoni Montreal. Serikali ikamkatalia kushuka kwenye ndege. Kesho yake Kingston ikawaka kwa maandamano. Huko London, Jessica na Eric Huntley, mke na mume waliozaliwa Guyana, wakakaa na wenzao wakaamua kwamba hotuba zilizomponza zichapwe. Mwaka 1969 zikatoka kwa jina la The Groundings with My Brothers. Kampuni wakaipa majina ya watu wawili: Paul Bogle, aliyeongoza uasi wa Morant Bay mwaka 1865, na Toussaint L'Ouverture wa Haiti.

Mtaji ulitoka wapi? Si benki. Ulikuwa mchango, kama tunavyochangishana harusi na misiba. Ofisi ilikuwa nyumba wanayolala, na soko lao la kwanza lilikuwa mikutano: unapanga vitabu juu ya meza mlangoni, mtu anatoa hela, anaondoka na nakala yake. Wakaongeza mabango na kadi za salamu zenye sura za watu weusi, maana kadi za namna hiyo zilikuwa adimu madukani. Msiidharau kadi. Haina mhariri wa kulipwa miezi sita wala kurasa mia mbili za kupanga, na faida yake inaweza kubeba kitabu cha mashairi kinachouzwa polepole. Mashairi nayo waliyatoa kweli: Dread Beat and Blood ya Linton Kwesi Johnson ilitoka kwao mwaka 1975.

Mwaka 1972 ndio unaotuhusu zaidi. Rodney alikuwa amerudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1969, na hapo ndipo alipoandika How Europe Underdeveloped Africa. Kitabu kilitoka kwa majina mawili, Bogle-L'Ouverture ya London na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, na neno la mwisho likaandikwa na Mzanzibari, Abdulrahman Mohamed Babu. Mwaka huohuo Babu aliwekwa kizuizini, akatoka 1978. Kwa hiyo kitabu ambacho vyuo vingi duniani vinakitaja hadi leo hakikusubiri kampuni kubwa ya Ulaya ikubali. Kilitolewa na sebule moja ya London na shirika moja changa la umma la Afrika Mashariki.

Sasa upande wa "nchi ina hela". Biashara ya sebuleni ilipokua, halmashauri ikasema nyumba ya kuishi haiwezi kuwa duka. Katikati ya miaka ya 1970 wakafungua duka Chignell Place, West Ealing. Wabaguzi wakalishambulia, kama walivyoshambulia maduka mengine ya vitabu vya watu weusi na vya mrengo wa kushoto, na maduka hayo yakaungana kudai ulinzi. Rodney alipouawa kwa bomu Georgetown, 13 Juni 1980, duka likapewa jina lake. Mashambulizi ya wabaguzi na hofu ya mitaani havikulifunga. Lilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, pango lilipopanda kupita uwezo wao. Anayedhani ughaibuni ni mteremko kwa mchapishaji mdogo ajue kwamba adui mkubwa wa duka la vitabu London ni mwenye jengo.

Na yapo mambo ambayo huku wametuzidi, sitayaficha. Kitabu cha karatasi kinatozwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia sifuri. Sifuri si sawa na msamaha: mchapishaji aliyejisajili anarudishiwa VAT aliyolipa kwa fundi wa jalada, ilhali mwenye msamaha anaimeza kwenye gharama. Kitabu kikiazimwa maktaba, mwandishi analipwa senti zake kutoka serikalini. Malipo hayo yalianza 1984. Lakini hata Uingereza kinga nyingine imebomoka. Tangu 1900 palikuwa na mapatano kwamba hakuna duka linalouza kitabu chini ya bei ya mchapishaji. Mwaka 1995 yakavunjika, na duka dogo likaachwa lishindane na supamaketi.

Nyumbani tulikuwa na nini? TPH, yaani ile Tanzania Publishing House ya Mtaa wa Samora, ilianzishwa 1966, na kuanzia 1972 iliongozwa na Walter Bgoya kwa ujasiri mkubwa. Lakini ilipofika miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa hakuna, na karatasi, wino na filamu vyote ni vya kuagiza. Mswada ukiwa tayari, kurasa zimepangwa, kazi inasimama kwa kukosa karatasi. Hapo wasomaji wana kosa gani? Bgoya akaondoka na kuanzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991. Mwaka huo mlango wa vitabu vya kiada ulifunguliwa kwa wachapishaji binafsi. Baadaye kazi hiyo ikarudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Aliyekuwa amejenga nyumba yake yote juu ya vitabu vya shule alibaki na ghala.

Kinachoumiza nyumbani leo, kwa maoni yangu, ni mali kauli, yaani kuliachia duka vitabu bila kulipwa kwanza. Tuchukue mfano. Kuhariri, kupanga na kuchapa nakala 1,000 kumekugharimu shilingi milioni 7. Bei ni 15,000, mrabaha wa mwandishi asilimia 10. Ukiuza mkono kwa mkono unabaki na 13,500 kwa nakala, na nakala 519 zinarudisha gharama yote. Ukipitia madukani tu, kwa punguzo la asilimia 40, unabaki na 7,500, na lazima uuze 934 kati ya 1,000 kabla hujaona faida ya shilingi moja. Tena duka linakulipa likishauza, likikumbuka, na nakala zisizouzwa zinarudi na pembe zilizokunjika na jalada lililofifia kwa jua la dirishani.

London mchapishaji mdogo naye anasubiri miezi kulipwa na msambazaji, na marejesho ya vitabu yanamkuta hukohuko. Ila nyumbani tuna kitu ambacho akina Huntley hawakuwa nacho: mteja wa Songea analipa kwa simu saa nne asubuhi, jioni kifurushi kinapanda basi, kesho anakichukua stendi. Gharama ya basi mnakubaliana kabla, la sivyo inakula faida. Na vitabu vifungwe kwanza kwenye nailoni ndipo viingie boksi, maana buti la basi lina vumbi na wakati mwingine maji ya samaki.

Nawaomba wenzangu wa ughaibuni tuache kutuma masikitiko. Watu 60 wenye uchungu na vitabu, kila mmoja akinunua nakala kumi kabla hazijachapwa na kuagiza ziende shule aliyosoma, ni nakala 600, milioni 9 taslimu mezani. Mchapishaji anaingia kiwandani hana deni. Atoe tu tarehe ya kuchapa kwa maandishi na kutuma picha ya kila shule iliyopokea, kwa sababu mchango wa kwanza usiporudi na hesabu, wa pili hautapatikana.