Elfi mpya, miungu ile ile

Nimetumiwa tena ulimwengu wa kujitungia wa kampeni (hadithi ndefu ya kuchezwa) ya Dungeons and Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kurasa kibao, ramani kali kweli, na DM, yaani msimamizi wa mchezo, anajiamini kabisa eti "huku maelfi (wale viumbe kama watu wenye masikio ya ncha) tumewabadilisha wote." Haya, nikasoma. Kuna maelfi wa barafu, wa jangwa, wa volkano. Wa barafu wana nywele nyeupe. Wa volkano, shikilia kiti, wana nywele nyekundu! Halafu juu yao kuna mungu mmoja mrembo anayependa sanaa na upanga, na kuna mungu wa kike aliyemsaliti akatupwa chini pamoja na wafuasi wake wote. Yaani Corellon na Lolth haohao, mungu wa maelfi na msaliti wake wa kwenye vitabu rasmi, silabi tu ndo zimepinduliwa.

Hapo hujabuni kitu bana, umechagua rangi ya nywele.

Drow, yaani maelfi wa ngozi nyeusi wa chini ya ardhi waliomfuata Lolth, tulianza kukutana nao kwenye moduli (vitabu vya hadithi zilizo tayari kuchezwa) za Dungeons & Dragons za 1978, na hadi leo watu hawajachoka kuandika dini ya maelfi kama kesi ya ndoa. Corellon anapigana na Gruumsh, mungu wa maorki (viumbe wakali, maadui wa maelfi), anamtoa jicho, damu inamwagika maelfi wanazaliwa, mwenzi wake Lolth anamgeuka anafukuzwa, na kabila zima linabeba laana ya ugomvi ambao wengi wao hawakuwepo. Na maorki nao wamekaa na lile jicho miaka yote, ila hiyo nitaiandikia siku yake.

Sikatai, ni hekaya tamu. Tatizo langu ni kwamba haigusi kabisa kile kinachomfanya elfi awe elfi, na sio masikio jamani. Ni umri. Toleo la tano la mchezo linasema elfi anahesabika mtu mzima akifika kama miaka 100 na anaweza kuishi hadi 750. Ukichukua maisha ya watu watatu tu, mmoja akamsimulia mwenzake, umeshavuka miaka 2000. Sasa hebu niambie dini ya watu wa namna hiyo inaendaje? Sisi binadamu imani zetu zimebebwa na maandishi na masimulizi kwa sababu walioona walishakufa zamani. Kwa maelfi shahidi yuko hai, ana kinyongo, na anakaa nyumba ya tatu. Kuhani anasimama kwa madaha anatangaza mungu alitamka hivi na hivi siku ya agano, kikongwe kule nyuma anakohoa: "Hakusema hivyo. Nilikuwepo." Imeisha hiyo ibada.

Na mtu wa miaka 600 anamwomba mungu wake nini? Mvua? Uponyaji? Mvua ashaiona ya kutosha. Mi nadhani anaomba nafasi kichwani. Kumbuka hawa watu hata usingizi hawana, wanakaa kwenye tafakuri masaa manne na yote yanarudi, rafiki wa kibinadamu waliozeeka na kufa mmoja baada ya mwingine, mji uliokuwa hapo ukawa msitu, kosa moja la kijinga la miaka 400 iliyopita ambalo bado linamchoma kama la jana. Kwa hiyo mungu wangu wa maelfi ni mungu anayepokea kumbukumbu. Hataki mbuzi wala ubani. Unamtolea siku moja ya maisha yako, anaila, haipo tena. Mezani inakuwa hivi: kleriki (mhusika kuhani anayepata nguvu kwa mungu wake) akitaka muujiza mkubwa, mchezaji anachukua kalamu anakata mstari mmoja kwenye historia ya mhusika wake, na kuanzia hapo haruhusiwi kuucheza. Jaribu uone watu walioandika kurasa nne za historia wanavyoanza kutokwa jasho.

Na ukishaweka hilo, drow wanajipanga wenyewe bila laana wala ngozi kuwa adhabu. Hao ni wale waliokataa kusahau, basi. Wakashuka chini na kila kitu vichwani mwao, na mungu wao ni buibui kwa sababu utando haupotezi kinachonaswa. Wa juu wametulia, wana amani, wanaimba vizuri, na wala hawakumbuki walichowafanyia wa chini. Wa chini wanakumbuka jina la kila aliyekuwepo. Sasa nani mwovu hapo? Mi sijui, na hiyo ndo kampeni ninayotaka kucheza.

Najua kuna mtu atasema kitabu rasmi cha 2018 kilishagusa mambo haya, tafakuri na maisha ya kabla ya kuzaliwa, na ile alama ya mwezi mwandamo kwenye macho ya elfi anayekaribia kuondoka. Kweli, kiligusa, na ile ya macho ni nzuri inaniuma sikuiwaza mimi. Ila mwisho wa siku bado kila kitu kinarudi kwa Corellon kakasirika. Kuhusu namba za kanuni, elfi gani apate pointi za ziada za wepesi, gombaneni wenyewe.

Kilichonikera zaidi ni kitabu cha wachezaji cha 2024 kutokuwa na nusu-elfi (mtoto wa elfi na binadamu) kama chaguo la peke yake. Najua sababu zao, na nyingine zina mantiki, sawa. Lakini jamani, nusu-elfi ndo anayelipa bei ya dini hii yote! Mama yake ana karne nyingi mbele, yeye atakufa mapema, na uchungu huo ni sadaka ambayo mungu yeyote angeipokea kwa mikono miwili. Kwa hiyo mhusika wangu anayefuata ni huyo, ana miaka 40, amefunga safari hadi mlangoni kwa mama yake, na mama anamuuliza kwa adabu kabisa, "Karibu, wewe ni mtoto wa nani?" DM asinipe joka wala hazina, anipe hekalu lilipo nikaidai ile siku niliyozaliwa.